Risasi Bila Moto

Kwetu Pangani neno risasi halimshtui mtu. Risasi ni yale madini laini, mazito, ya kijivu, yanayofungwa kwenye mshipi ili ndoana ishuke mpaka miambani walikolala changu na chewa. Kipande chenyewe tunakiita chubwi. Mwenye jarife hununua kwa kilo, mwenye mshipi hununua mojamoja, na siku za bamvua, maji yanapokimbia mlangoni mwa mto, chubwi nyepesi huchukuliwa na mkondo, nawe ukabaki unavuta mshipi unaoelea kama kishada. Hapo ndipo watu huja kwa mjomba wangu kuomba nzito zaidi.

Mjomba na mimi tuliyeyusha risasi ya chubwi nyuma ya nyumba kwa miaka kumi na tisa. Sufuria la chuma, makaa ya vifuu, mchanga mkavu uliochekechwa na vishimo tulivyovichoma kwa mpini wa upawa. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la vifuu hulifikia bila shida. Ikishayeyuka inang'aa kama kioo, na hapo lazima uwe na adabu. Tone moja la maji likiingia sufuriani, risasi hutapika. Nina kovu la ukubwa wa mbaazi kwenye kiganja cha kushoto, alama ya jasho langu mwenyewe lililodondoka mahali pasipostahili.

Moshi wake hauwashi macho, ndiyo maana tuliudharau. Kilichotuamsha ni habari ya jirani zetu wa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi humo na mwanawe mwenyewe akadhurika, alipigana hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru watu wa mtaa ule walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Nilimsomea mjomba habari ile kwenye simu. Hakusema neno. Alinyanyua sufuria, akalihamishia nje ya ua, karibu na mbuyu, akarudi kukaa.

Wiki chache baadaye lori la mbao lilikuja kushusha mzigo kwa jirani. Dereva, mtu wa Makambako, alisimama akatutazama tukimimina, kisha akasema kwao kuna fundi mwenye mashine ya kubana risasi ikiwa baridi. Moto hamna.

"Ikiwa baridi itaingiaje kwenye kalibu?" mjomba akauliza. "Itabembelezwa?"

"Itabanwa, mzee. Mwenyewe nimeona."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Lakini usiku ule aliniita akanipa nauli. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, nimevuka mpaka Unguja na Pemba mara zisizo na idadi, na bara sijawahi kupita Chalinze.

Basi liliondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili asubuhi. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Njombe aliyevaa sweta zito la sufu. Dar es Salaam, basi limejaa, madirisha yamefungwa, mama kavaa sweta! Nikajisemea huyu ana homa, nikamwachia nafasi.

Baada ya Kibaha mazungumzo yakafunguka. "Baba, unashukia wapi?"

"Makambako, mama. Nakwenda kwa fundi anitengenezee mashine ya risasi."

Akauvuta mkoba wake kifuani. Kijana wa kiti cha upande wa pili akachomoa vidude vya masikioni. Nami, nikidhani nafafanua, nikaongeza, "Za kuvulia samaki."

Nikaharibu kabisa. Pwani ya Tanga inajulikana nchi nzima kwa uvuvi wa baruti, na mbele yao alikuwa amekaa mtu wa Pangani anayetangaza kwamba samaki anawapiga kwa risasi. Ilibidi niingize mkono mfukoni, nitoe chubwi niliyoichukua kama sampuli, nimkabidhi mama. Akaigeuza, akaipima kwa kiganja, akaibonyeza kwa ukucha.

"Kumbe ni jiwe la ndoana! Sasa si useme hivyo?"

Tangu hapo nikawa rafiki yake. Tulipofika Morogoro, Milima ya Uluguru ikiwa imejifunika mawingu, alinigusa bega. "Baba wa risasi, teremka. Shirika la Mzinga, wanaotengeneza risasi za bunduki, liko hapa, hao ndio wenye kazi yao." Kijana akacheka mpaka utingo akageuka.

Barabara inaikata Hifadhi ya Mikumi katikati, na mimi niliyekuwa nikidhani wanyama huonwa na watalii wenye dola, niliwaona twiga watatu, pundamilia na tembo mmoja kwa nauli yangu ileile. Tembo alisimama mbali na barabara akipepea masikio, bila haraka, kama tanga linalosubiri upepo. Baada ya hapo bonde likawa la joto na ukavu, na Ruaha Mbuyuni nikakuta mibuyu mingi kuliko nilivyowahi kuiona pamoja. Nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Mbuyu wetu wa Pangani una jina, una mizimu yake na watu huuzunguka kwa heshima. Hii imejaa mlimani kama umati uliokuja harusini bila kualikwa. Chini yake wanauza vitunguu kwa magunia.

Halafu Kitonga. Nilikuwa nimelisikia jina hilo kwa madereva nikadhani wanatia chumvi. Barabara inajikunja juu ya mlima kama kamba iliyotupwa, upande mmoja jabali, upande wa pili hewa tupu. Malori yanapanda kwa mstari, yakinguruma pole pole, na basi letu likakaa nyuma yao likilia. Mara masikio yakaziba. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko urefu wenyewe, maana kwetu masikio huziba ukizama chini kufuata nanga iliyokwama. Huku yanaziba ukipanda. Nikabana pua kama mzamiaji, nikapuliza, yakafunguka. Mama akaniangalia kwa huruma.

Iringa tuliipita ikiwa imekaa juu ya kilima chake. Baada ya hapo ardhi ikatulia, ikawa tambarare ya juu yenye majani ya rangi ya simba, na tulipokaribia Mafinga ikaanza misonobari ya shamba la Sao Hill, safu kwa safu, imenyooka kama milingoti ya majahazi elfu yaliyotia nanga pamoja. Mbao zote ninazoziona zikishushwa Pangani huenda zimesimama hapa. Kwenye kioo cha dirisha nikaona ukungu, nikaufuta kwa kikoi, ukarudi. Haukuwa wa nje. Ulikuwa pumzi yetu.

Makambako tulifika saa mbili usiku. Nilishuka na shati la mikono mifupi, kikoi begani, kandambili miguuni. Upepo ulinipiga kifuani kama mtu anayenisukuma nirudi garini. Mama aliyekuwa akiendelea Njombe alifungua dirisha, na nikalielewa sweta lake.

"Kesho asubuhi ukiambiwa *kamwene*, na wewe jibu *kamwene*!" akapaza sauti. "Na ununue koti!"

Nyumba ya wageni walinipa mablanketi mawili. Nikaomba la tatu. Mhudumu, binti wa miaka ishirini hivi, aliuliza kwa upole kama ninaumwa. Nililala na soksi mikononi.

Asubuhi nilifungua chupa ya mafuta ya nazi nijipake, nikaipindua, hayakutoka. Nikaitikisa. Yameganda, meupe, magumu kama nta. Kwetu mafuta ya nazi huganda asubuhi moja moja za Julai, tena juu juu, na jua likichomoza yanajirudia. Haya ilibidi niyachokoe kwa kijiti cha kiberiti. Nilikaa kitandani nikiitazama ile chupa kwa muda, na nakiri kwamba ndiyo iliyonifahamisha, kuliko Kitonga na misonobari, kwamba niko nchi nyingine.

Nje, mji ulikuwa umekwisha amka zamani. Makambako ni njia panda, na inaishi kwa kuwa njia panda: barabara kuu ya kwenda Mbeya, Tunduma na Zambia inapita hapa, ya Njombe na Songea inachepuka hapa, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ina stesheni hapa. Malori ya Zambia na Kongo yalikuwa yameegeshwa kwa mistari, madereva wakinywa chai ya maziwa wakiwa wamekishika kikombe kwa mikono miwili. Nilinunua koti la mtumba la rangi ya kahawia kwenye meza ya kwanza niliyoikuta, bila kubishana bei. Muuzaji alionekana kusikitika kwamba sikubishana.

Gereji ya fundi iko nyuma ya safu ya maduka ya vipuri. Yeye ni mzee wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu haimtoki kichwani, na kazi ya kukereza vyuma aliifundishwa na fundi wa reli enzi za ujana wake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanitupia *kamwene*, nikaidaka kama nilivyofundishwa. Akafurahi.

"Mswahili amekuja na salamu yetu! Kaa hapa karibu na jiko."

Mashine yenyewe ilikuwa imefunikwa gunia. Nilitarajia kitu kikubwa. Alipofunua niliona kitu kisichozidi mtungi mdogo wa maji: fremu ya chuma cha kumimina yenye umbo la duara lililonyooshwa, chini yake nguzo nene inayopanda na kushuka, na ubavuni mkono mrefu wenye kitufe mwishoni. Imefungwa mezani kwa bolti tatu. Ilinikumbusha mbuzi ya kukunia nazi iliyosimamishwa wima. Nikauliza ilikuwa ya kazi gani.

"Ya wawindaji. Wazungu wa mashamba walikuwa wakishindilia risasi za bunduki zao nyumbani. Niliinunua kwenye vyuma chakavu, kwa kilo, haina kifaa hata kimoja cha ndani. Fremu tu na mkono."

Damu ikanishuka. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi haina mzaha kwa mtu anayetengeneza risasi bila kibali, na nilianza kuliona lile basi, yule mama na mkoba wake, nikajiona niko mbele ya meza ya polisi nikieleza habari za changu na chewa.

Mzee alinisoma usoni. "Kinu kilichotwanga pilipili jana, leo hakitwangi mpunga? Kioshe tu." Lakini hakuishia kwenye maneno. Kabla ya saa sita alinipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamwonyesha chubwi na picha za mashine, tukaeleza, akatuandikia barua yenye muhuri kwamba kifaa ni cha kutengenezea vizito vya nyavu. Barua ile ninayo mpaka leo, nimeitia kwenye nailoni.

Kazi ya kuibadilisha nilidhani ni ya saa moja. Ilichukua siku nne.

Mzee alinieleza kwa lugha ya jikoni, nami nikashukuru. Mashine inataka kinu, mchi na kijiti. Kinu ni kipande cha chuma kigumu chenye tundu la umbo la chubwi unayoitaka. Mchi ni wa kuingia kwenye tundu hilo bila kulegea. Kijiti ni cha kuisukuma chubwi itoke, maana risasi ikibanwa hujaa kila pembe na haitoki kwa kuombwa. Mkono wa mashine unafanya kilekile anachofanya mtu anayeng'oa kisiki kwa mtaimbo: unashuka sentimita nyingi ili nguzo ipande chache, na nguvu yako ndogo inageuka kubwa. Aliurefusha mkono ule kwa kipande cha bomba, akanipa niuvute. Ulivutika kama mlango wa kabati.

Kinu alikikata kwenye ekseli ya lori lililopinduka. Siku nzima ya pili nilikaa juu ya debe nikitazama lezi ikikimenya chuma, nyuzi za buluu zikijikunja na kuanguka kama maganda ya chungwa. Umeme ulikatika mara mbili. Mara ya pili tulikula viazi. Nimesahau kusema: huku viazi mviringo vinaliwa kama sisi tunavyokula muhogo, yaani bila kuulizana. Vilichemshwa na maganda yake, vikachovywa chumvi, na vilikuwa vitamu kiasi kwamba nilikula saba, mzee akihesabu kwa sauti.

Siku ya tatu alfajiri tulipanda Kosta kwenda Njombe, kilomita sitini hivi, kwa rafiki yake mwenye tanuri. Kinu kilikuwa bado laini. Lazima kitiwe matiko, la sivyo kingepanuka baada ya chubwi mia.

Nilidhani baridi nimekwisha ijua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na sisi kwa usawa wa bahari tunamaanisha mlango wa nyumba yetu. Gari liliposimama kushusha abiria kabla ya mji, niliona bonde zima jeupe. Nyasi nyeupe, kingo za mashamba nyeupe, paa la banda la kuku jeupe. Kitu cha kwanza kilichonijia ni mashamba ya chumvi ya kwetu, maji yanapokauka mwezi wa kiangazi na chumvi ikabaki inang'aa. Niliruka chini, nikachota kwa vidole, nikaonja. Ilikuwa maji. Ilinichoma vidole kwanza, kisha ikawa maji.

"Sakitu hiyo," mzee akasema toka dirishani. "Panda garini, Mswahili, usije ukaganda kama mafuta yako."

Karibu na hapo mkulima alikuwa amesimama katika shamba la viazi ambalo majani yake yalikuwa meusi, yamenyauka, kana kwamba moto umepita. Alipoulizwa alijibu kwa kifupi: barafu imeunguza. Nililibeba neno hilo njia nzima. Baridi inaunguza! Mimi niliyekuja kutafuta njia ya kuukimbia moto, nimefika mahali ambapo hata ubaridi una moto wake.

Jua lilipopanda, weupe ukaondoka upesi, nchi ikajionyesha. Chai iliyokatwa sawa kama zulia. Miparachichi michanga kwenye miteremko, ambayo matunda yake sasa yanasafirishwa mpaka Ulaya. Miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanza enzi za mkoloni, mwaka 1949. Magome yake hutoa dawa ya kusindikia ngozi, na mzee aliponieleza nikamwambia hilo si geni, babu zetu walichemsha magome ya mikoko wakatia nyavu na matanga humo ili yasioze. Alinitazama kwa heshima kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hizo tatu kujua kitu. Pembeni ya barabara ya kuingilia mji, Mto Luhuji unaanguka mwambani kwa kelele, mweupe, na wenyeji wanaupita kama tunavyopita sisi mawimbi, bila kugeuza shingo. Mji wenyewe ni wa vilima, mlango wa nyumba moja uko sawa na paa la nyumba ya chini yake. Umekuwa makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2012, Njombe ilipotengwa na Iringa, na majengo mapya yanaonekana kila upande.

Fundi wa tanuri alikiingiza kinu kwenye makaa akavuta kipulizio. Kikawa chekundu cha giza, kikawa cha machungwa, na alipoona rangi anayoitaka akakishika kwa koleo akakitumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu. Kilitoa sauti kama samaki anapotua kwenye mafuta ya moto. Akakipitishia tupa: tupa ikateleza bila kushika. Nilikuwa sijui kwamba chuma kikishakuwa kigumu namna hiyo hupasuka kama kigae, na kwamba lazima kirudishwe motoni kidogo, taratibu, mpaka kipate rangi ya nyasi kavu, ili kipungukiwe na hasira. Hivyo ndivyo alivyosema, hasira. Basi moto haukukwepeka. Uliwaka mara moja Njombe ili usiwake tena Pangani.

Tulipokuwa tukisubiri kipoe, mzee alinyoosha mkono kuonyesha upande wa Yakobi. Huko kulikuwa na misheni ya Wajerumani, na Septemba 1905, wakati wa Maji Maji, wapiganaji waliishambulia, wakarudishwa nyuma kwa bunduki. Shuleni tulisoma habari za Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Agosti ya mwaka huohuo: kwamba kwa dawa yake risasi za Mjerumani zingegeuka maji. Sikuwahi kufikiri sana juu ya maneno hayo. Siku ile, mikono nikiwa nimeikunjia ndani ya koti la mtumba, niliona kwamba mimi nimezigeuza risasi kuwa maji kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, kwa vifuu, na sumu yake imebaki palepale. Nilitaka kumwambia mzee. Nikaona nitachekesha mahali pasipo pa kuchekesha, nikanyamaza.

Siku ya nne tulifunga kila kitu mezani Makambako, na jaribio la kwanza likawa aibu yangu. Nilikuwa nimekuja na risasi yangu mwenyewe, vipande vya betri tulivyovizoea. Niliingiza kimoja, nikauvuta mkono, ukagoma. Nikaukalia. Bolti ya meza iling'oka na kuondoka na ubao wake, nami nikaenda chini na debe.

Mzee hakunisimamisha kwanza. Alikiokota kipande changu, akakikwaruza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. "Hii imechanganywa. Betri wanatia madini mengine ndani yake ili iwe ngumu. Kwa kumimina inafaa, kwa kubana haikubali." Kisha akakumbuka kuninyanyua.

Tukaenda kwa muuza vyuma chakavu mwenye leseni, tukapata ganda la nyaya za simu za zamani, zile za kufukiwa ardhini, zilizovishwa risasi safi. Nilidai risiti, maana nyaya zina kesi zake. Hii risasi ukucha unazama ndani yake kama kwenye sabuni. Tuliikata kwa kisu, tukapima kila kipande, nikachokoa mafuta ya nazi yaliyoganda kwenye chupa yangu tukapaka kinu na mchi. Mzee alikuwa na grisi. Akasema leo tutumie ya Pangani.

Nikauvuta mkono. Nilisubiri kishindo, au mlio wa chuma. Hakikutokea kitu. Niliusikia tu mkono ukipata uzito katikati ya safari, uzito wa kidole kinachozama kwenye unga wa maandazi, kisha ukasimama. Nikaurudisha juu, mzee akagonga kijiti, na chubwi ikadondokea kiganjani mwangu.

Ilikuwa baridi. Hilo ndilo lililonifanya nipige kelele. Miaka kumi na tisa chubwi mpya hazishikiki mpaka uzimwagie maji na kungoja, na hii imezaliwa baridi kuliko mkono wangu, nyororo, inang'aa kama ubavu wa samaki aliyetolewa majini sasa hivi, pete ya waya wa shaba imekaa kichwani mwake imenyooka. Nikatengeneza nyingine. Nikatengeneza kumi. Tulizipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, zote zikasoma gramu 60. Zetu za mchangani, tukizikusudia 60, hutoka za 50 na za 75, na wavuvi huzichagua kwa kuzirushia mkononi kama wanunuzi wa maembe.

Kabla ya kula mzee aliniamuru ninawe kwa sabuni mpaka viwiko. Nikasema hakukuwa na moshi leo. "Moshi hamna, lakini risasi ni ileile," akasema. "Usile nayo, usilale nayo, watoto wasiichezee."

Nilirudi na mashine kwenye gunia, barua mfukoni, koti mwilini. Utingo alipoinua gunia akaguna, akauliza kuna nini ndani. Nilikuwa nimejifunza. Nikasema ni mashine ya vizito vya nyavu za samaki. Akasema sawa, akalitupa kwenye buti. Koti nililivua Chalinze.

Mjomba aliikagua mashine jioni nzima bila kuigusa. Kesho yake alibana chubwi ya kwanza, akaishika shavuni kuthibitisha ubaridi wake, akabana nyingine arobaini. Wavuvi wa jarife bado wanasema zinang'aa mno, zitaita papa, wanazinunua hivyohivyo. Lile sufuria la zamani tumelitoboa matundu chini kwa msumari, matatu, ili asije mtu akalipikia.